Mwenye Gazeti ni Nani? Somo la Februari 1970

Asubuhi ya tarehe 5 Februari 1970, wasomaji wa The Standard mjini Dar es Salaam walilifungua gazeti lao la kila siku na kukuta kwamba jina ni lilelile, ila mwenyewe amebadilika. Serikali ilikuwa imelitaifisha. Tarehe haikuangukia hapo kwa bahati: ilitimia miaka mitatu tangu Azimio la Arusha lichapishwe. Mwalimu Nyerere aliambatanisha na hatua hiyo waraka wa kueleza gazeti jipya litakuwa la namna gani. Lingekuwa gazeti la kijamaa, lingeunga mkono siasa ya nchi, lakini lingekuwa na ruhusa ya kujadili mapendekezo ya sera kabla hayajaamuliwa, na ya kukosoa matendo ya viongozi wa chama na serikali wanapokwenda kinyume.

Kila mwaka ninapofika kwenye somo hili huwagawia wanafunzi waraka ule, nikawapa dakika ishirini wausome, kisha nikauliza swali moja tu: gazeti hili ni huru au si huru? Darasa hugawanyika hapo hapo. Wapo wanaosema kwamba gazeti la serikali haliwezi kuwa huru, na mjadala ukomee hapo. Wapo wanaojibu kwamba gazeti la tajiri nalo lina mwenyewe, tena mwenyewe ambaye hakupigiwa kura na mtu. Nimesikiliza mabishano hayo kwa miaka mingi, na sasa naamini pande zote mbili zinaangalia mahali pasipo. Historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba jina lililo kwenye hati ya umiliki ni nusu ya habari. Nusu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo nzito, ni nani anayeweza kufunga bomba la fedha kesho asubuhi bila kumweleza mtu sababu.

Tuanze na haki ya waliotaifisha. Gazeti lile lilizinduliwa mwaka 1930 kama Tanganyika Standard, tawi la East African Standard ya Nairobi, nalo kwa miaka mingi lilisema kwa sauti ya walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu. Mwaka 1967 kundi zima la magazeti hayo lilinunuliwa na Lonrho. Jina Lonrho ni ufupisho wa jina refu lenye London na Rhodesia ndani yake. Ilikuwa kampuni ya migodi na mashamba yenye mizizi katika Rhodesia ya wakoloni. Fikiri basi hali ilivyokuwa: nchi iliyozipa hifadhi harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, huku gazeti kubwa la kila siku la Kiingereza katika mji wake mkuu likiwa mali ya kampuni yenye maslahi Salisbury. Mtu akiniambia kwamba soko huria lilikuwa limetupatia chombo huru, nitamwomba anitajie kilikuwa huru kwa nani.

Kwa hiyo sina ugomvi na kuondolewa kwa Lonrho. Ugomvi wangu ni na kilichowekwa mahali pake. Mhariri Mtendaji aliyeteuliwa alikuwa Frene Ginwala, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini na kada wa ANC, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 1994, angekuwa Spika wa Bunge la kwanza la Afrika Kusini huru. Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa Mhariri Mkuu kwa cheo. Ginwala aliuchukulia waraka ule kwa uzito wa maneno yake. Gazeti likawa la mrengo wa kushoto kwelikweli, likakosoa, likawaudhi wakubwa na wadogo. Mwezi Julai 1971 Jaafar Nimeiry wa Sudan aliwaua viongozi wa chama cha kikomunisti baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa. The Standard likaandika tahariri kali ya kulaani. Nimeiry alikuwa mkuu wa nchi rafiki. Kufikia Agosti Ginwala hakuwa tena mhariri.

Ni miezi kumi na minane tangu waraka utolewe. Aprili 1972 gazeti liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa Benjamin Mkapa, ambaye naye angekuja kuwa Rais. Sisemi hivi kumdharau Mkapa, aliyekuwa mwandishi hodari. Nasema tu kwamba umbali kati ya meza ya mhariri na Ikulu ulikuwa umefutika, hata watu wakawa hawauoni tena kuwa ni umbali.

Kosa la waraka halikuwa katika maneno yake. Nimeusoma mara nyingi, na hadi leo huona kwamba ni ahadi nzuri kuliko zile ambazo wamiliki wengi binafsi wamewahi kuwapa wahariri wao. Kosa ni kwamba ulikuwa ahadi ya mtu mmoja. Haukuwa sheria, haukuunda bodi yenye meno, haukutenga fungu la fedha ambalo halikuguswa kwa amri. Aliyeutoa alikuwa ndiye mwajiri, ndiye mlipaji, ndiye mwamuzi wa mwisho wa kama umevunjwa.

Hili halikuanza na Nyerere. Uandishi wa magazeti ya Kiswahili ulizaliwa mikononi mwa wafadhili. Miaka ya 1890 wamisionari wa UMCA kule Magila walichapa Habari za Mwezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikatoa Kiongozi. Waingereza walipokuja wakaanzisha Mambo Leo, Januari 1923. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali tangu kichwa hadi nyayo, lakini ukizifungua kurasa zake utakuta barua za makarani, walimu na wakulima kutoka kila pembe ya Tanganyika, na mashairi, yakiwemo ya Shaaban Robert. Wasomi wa fasihi wanalidai deni kubwa la shukrani. Fedha ya umma, hata ya mkoloni, ilijenga kitu ambacho hakuna mfanyabiashara angekijenga wakati ule, kwa sababu hakikuwa na faida. Ukitaka kuandika kwamba kodi ya kichwa ni dhuluma, hata hivyo, Mambo Leo hapakuwa mahali pako.

Mahali hapo alijaribu kupajenga Erica Fiah, mwenye duka mjini Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alipoanzisha Kwetu mwaka 1937. Nawaomba vijana wamsome Fiah. Gazeti lake lilikuwa na makosa ya chapa, lilitoka kwa kusuasua, lilikuwa na hasira. Lilikuwa pia la Mwafrika, kwa fedha za Mwafrika, likiwasema wakubwa wa serikali na wafanyabiashara bila kuomba radhi. Lakini lilishindana na gazeti lililobebwa na hazina ya serikali, katika mji ambao wasomaji wake wengi walikuwa na mishahara midogo na wenye matangazo ya biashara walikuwa watu walewale anaowasema. Liliishi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, jambo ambalo kwangu ni muujiza kuliko kifo chake.

Kisha ikaja enzi ya TANU, nayo naipita haraka kwa kuwa inajulikana. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala aliyowasema wakuu wa wilaya katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huohuo wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Sheria iliyowatesa watu hawa haikuzikwa siku bendera ilipobadilishwa. Iliongezewa nguvu mwaka 1968, Rais alipopewa mamlaka ya kulifungia gazeti, na ikazaa Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo tuliishi nayo miaka arobaini.

Redio ndiyo mfano unaoniuma zaidi, kwa sababu pale tulikuwa na mlango ulio wazi tukaufunga kwa mikono yetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kama mradi mdogo wa serikali. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lenye umbo lililoigwa kutoka BBC: shirika la umma lenye bodi yake, si ofisi ya wizara. Najua mfano wa BBC si msahafu. Katika mgomo mkuu wa Uingereza wa Mei 1926, mkuu wake John Reith aliizuia serikali isiitwae redio, lakini alilipa gharama ya ushindi huo kwa kuwanyima nafasi ya kusikika kiongozi wa chama cha Labour na hata Askofu Mkuu wa Canterbury aliyetaka suluhu. Umbo zuri la kisheria halimpi mtu ujasiri. Hata hivyo lilikuwepo jambo moja la maana: mapato ya BBC yalitoka katika ada ya leseni ya wasikilizaji, na baadaye ikapata mkataba wa kifalme unaodumu miaka kadhaa, kiasi kwamba waziri aliyeudhiwa Jumanne hakuweza kuwanyima mishahara Ijumaa.

Mwaka 1965 serikali yetu ilivunja shirika lile na kuifanya redio kuwa idara ndani ya wizara: Radio Tanzania Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi. Nchi changa, maskini, yenye watu wengi wasiojua kusoma, ilihitaji chombo cha kuwafikia. Na kilifika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakajadili maji na malaria. Idhaa ya Nje ilizipa harakati za ukombozi sauti iliyovuka mipaka. Nani mwenye kituo cha biashara angefanya hayo? Lakini redio hiyohiyo haikuweza kumweleza msikilizaji wake kwa uwazi jinsi operesheni ya vijiji ilivyotekelezwa mahali ambapo nyumba za watu zilichomwa moto. Chombo kilichojua kumwambia mwananchi achimbe choo wapi hakikujua namna ya kumuuliza kama anataka kuhama.

Dirisha lilifunguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Business Times lilitoka mwaka 1988, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 magazeti yalichipuka kama uyoga. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliruhusu redio na televisheni binafsi, na mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, miaka ishirini na moja baada ya Zanzibar. Reginald Mengi alijenga IPP na ITV yake. Mwananchi lilichukuliwa na Nation Media Group ya Nairobi, kampuni ambayo mizizi yake ni magazeti ya Aga Khan ya mwaka 1960. Tulisherehekea, nami nilikuwa miongoni mwa waliosherehekea. Tulidhani tatizo lilikuwa mmiliki mmoja. Tukiwa na wamiliki ishirini, ukweli ungepenya mahali fulani.

Miaka ya baadaye niliandika safu katika gazeti moja binafsi ambalo sitalitaja. Siku moja nilipeleka makala kuhusu vibarua wa kampuni kubwa: ujira wao, mikataba ya miezi mitatu isiyokwisha kurudiwa. Mhariri, mtu mwungwana ambaye bado namheshimu, alinipigia simu jioni. "Mwalimu, makala ni nzuri sana," alisema, "ila ukurasa wa mwisho ni wao." Alimaanisha tangazo la rangi la ukurasa mzima, kila wiki. Hakuna waziri aliyeingilia. Hakuna askari. Mmiliki huenda hakuwa na habari kabisa. Makala ilipumzishwa, nami, ni lazima nikiri, sikuichapa kwingine hadi mwaka ulipopita na ikawa imepoa.

Mtangazaji mkubwa kuliko wote katika nchi zetu ni serikali yenyewe: zabuni, nafasi za kazi, salamu za pongezi, kurasa za maadhimisho. Hapa ndipo tofauti kati ya chombo cha serikali na chombo binafsi huyeyuka. Gazeti linaweza kuwa na hati safi ya umiliki binafsi huku likila kwa mkono wa wizara. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyofuta ile ya 1976, ilifanya magazeti yaombe leseni ya kuhuishwa kila mwaka, na ikaipa Idara ya Habari kazi ya kuratibu matangazo ya serikali. Kifungu hicho cha uratibu kiliondolewa katika marekebisho ya 2023, nami napongeza. Mwaka 2017 peke yake Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa vipindi mbalimbali, na leseni za baadhi yao zilirudi Februari 2022 tu. Kufungiwa huonekana na hulalamikiwa. Mahakama ya Afrika Mashariki ilitamka Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Lakini gazeti lililonyimwa matangazo, au lililopewa matangazo na kisha likacheleweshewa malipo hadi likashindwa kulipa mtambo wa uchapaji, litakwenda kushtaki wapi? Jirani zetu wa Kenya walituonyesha sura ya wazi ya jambo hili: Machi 2024 wizara na mashirika ya serikali yaliagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na televisheni KBC pekee. Ni waraka mfupi wa ofisini. Hauhitaji kumkamata mhariri yeyote.

Basi nani amiliki, nani agharamie? Nawajibu wanafunzi wangu hivi. Wamiliki wawe wengi na wa aina mbalimbali, na majina ya wanahisa yawe wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Fedha ya umma iendelee kutumika, tena iongezwe, kwa kuwa soko letu ni dogo na hakuna biashara itakayomlipa mwandishi akae Ngara au Tunduru kwa miezi sita kufuatilia ardhi ya kijiji. Lakini ipite katika njia ambazo mkono wa serikali ya siku hiyo hauzifikii kirahisi. Fungu la shirika la umma la utangazaji lipitishwe na Bunge kwa miaka mitano kwa mkupuo, si kuombwa kila Juni. Leo Mkurugenzi Mkuu wa TBC huteuliwa na Rais. Jina la shirika tulilirudisha lakini uti wa mgongo wake wa 1956 tuliuacha kaburini. Bodi iteuliwe kwa vipindi vinavyopishana, na wajumbe wake watoke pia nje ya serikali. Na matangazo ya serikali yagawiwe kwa vigezo vilivyochapishwa, kisha kila robo mwaka itolewe orodha: nani kapewa, kiasi gani, kalipwa lini.

Mtumishi mmoja wa umma, rafiki yangu wa siku nyingi, aliposikia hoja hii alicheka. Bunge lenyewe, alisema, si lina mwenyewe? Pingamizi lake ni zito na sitalikwepa. Bodi inaweza kujazwa makada, na fungu la miaka mitano linaweza kuwa dogo kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hiyo nimeipa ile orodha ya robo mwaka uzito kuliko yote. Haihitaji waziri mwema wala bodi ya malaika. Ofisi za uhasibu tayari zina tarakimu hizo. Kinachotakiwa ni kuzibandika ukutani, na watumishi wanaosoma makala hii wanajua ziko katika kabati gani.

Kuna ngazi moja ya umiliki ambayo haimo katika hati yoyote. Aliyekuwa mwanafunzi wangu ni mwandishi wa kujitegemea katika mkoa mmoja wa kati. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa habari iliyoandikwa, na malipo hufika baada ya miezi. Alikwenda kwenye semina ya taasisi moja, kilomita themanini kutoka kwake, iliyokusudiwa kuwaeleza waandishi mafanikio ya mradi wa maji. Baada ya semina aliteremka kijijini, akakuta bomba kavu. Aliniandikia jioni: basi la mwisho linaondoka, waandaaji wanagawa bahasha za nauli, na yeye ana habari ambayo haitawapendeza. Achukue?

Nilimwambia asichukue, mimi nitamtumia nauli kwa simu, sasa hivi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Asante sana, Mwalimu. Sasa siku nikija kuandika habari za chuo chenu, itakuwaje?"